Serafina Alipewa Maneno ya Bibi Yangu

Mpunga mpya unapotwangwa hutoa harufu ya majani makavu na vumbi tamu, na kila nikiikuta sokoni Kasongo, pale kina mama wanapopeta mchele mbele ya vibanda, roho inaniuma. Wenzangu harufu ile huwakumbusha shibe. Mimi hunikumbusha Serafina. Wengi mnamjua kwa cheo chake: profesa wa historia, mwandishi wa vitabu, anayealikwa Kinshasa na Ulaya kueleza habari za Maniema ya zamani, na walimu wetu wa sekondari humtaja kwa sauti ya chini kama vile yumo darasani anawasikiliza. Mimi nilimjua alipokuwa msichana wa umri wangu, miguu imejaa vumbi, akishuka kwenye baiskeli ya baba yake uani kwetu baada ya safari ndefu kutoka Kabambare.

Baba yake alikuwa mkulima Mkristo aliyefanya biashara ya karanga na baba yangu. Alitaka bintiye asome kwa masista wa Kasongo, akatuomba tumpokee. Sisi ni Waislamu wa mjini, nyumba yetu iko karibu na msikiti, lakini hakuna aliyeona ajabu. Akapewa nusu ya mkeka wangu, na maisha yakaendelea. Mwanzoni nilifurahi sana. Sikuwa na ndugu wa kike, na msimu wa mpunga kutwanga peke yako ni adhabu.

Mwenye kinu alikuwa Bibi, mama yake baba. Jina lake Zuhura, nami nilipewa jina hilo, kwa hiyo aliniita somo yake, na kwa sababu hiyo nilijiona mwenye Bibi kuliko watu wote. Nilimpelekea maji ya udhu, nilimkuna mgongo, nilijua ni jino gani linamsumbua. Kitu kimoja tu alininyima: habari za zamani. Nikimuuliza mama yake alikuwa nani na alitoka wapi, alinitania au alinituma kuomba moto kwa jirani. Siku moja alichoka nami, akasema, "Somo, mutoto wa nyumba haulize mambo ya nyumba. Twanga mupunga." Nikatwanga.

Basi alasiri moja, mchi ungali mkononi, Serafina akauliza bila hata kusitasita, "Bibi, mama yako alizaliwaka wapi?" Nikamhurumia, nikajua sasa hivi atatumwa moto. Bibi akaweka ungo chini. Akamjibu kwa Kibangubangu. Mimi nilidhani Bibi ana Kiswahili na Kiarabu cha sala tu. Sikuwahi kusikia lugha hiyo kinywani mwake. Serafina akapiga makofi, maana ilikuwa lugha ya kwao.

Tangu siku hiyo wao walizungumza na mimi nikatwanga. Niliambulia majina mawili, Kabambare na Nyangwe. Mengine yote yalinipita. Mara wanacheka, mara wananong'ona. Siku moja Bibi alilia, na aliyemfuta machozi kwa pindo la kitenge alikuwa Serafina. Nilitaka kumfinya mpaka apige kelele. Wivu ulinishika vibaya.

Nilikwenda kushtaki kwa Mama. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga, hakuinua hata kichwa. "Acha wivu," akasema. "Ule iko mugeni. Neno ya mugeni inaondoka naye. Akirudi kwabo, imekwisha. Weye utaolewa hapa hapa, na watu wa hapa iko na masikio." Ndivyo mtaa wetu ulivyoamini: jambo la aibu likikulemea, mpe mgeni, atalichukua aende nalo mbali. Nilimwambia Mama kwamba basi na mimi nataka kuwa mgeni. Alicheka sana. Mimi nilikuwa nasema kweli.

Bibi alifariki kabla sisi hatujamaliza shule ya msingi. Matangani Serafina alilia kwa sauti kuliko mimi, na kina mama wakaanza kumbembeleza yeye. Kisha akaendelea na masomo, mji baada ya mji, hadi chuo kikuu, nasi tukadhani neno limeondoka naye.

Likarudi limechapishwa. Katika kitabu chake cha kwanza mna msichana aliyetekwa milimani upande wa Kabambare, akatembezwa hadi soko la watumwa la Nyangwe, akauzwa, akaishia kuwa mke katika nyumba ya Kasongo, akamfundisha binti yake lugha ya kwao kwa kificho wakati wa kutwanga. Serafina alibadilisha majina yote ya watu, kwa adabu. Lakini sisi tulijijua. Baba, ambaye maisha yake yote aliwaambia watu kwamba damu yetu yote ni ya wafanyabiashara wa misafara, alikifunga kitabu, akasema, "Tulimupatia sisi wenyewe." Huko nje watu walimpigia profesa makofi. Mimi nilikuwa nauza vitenge. Redioni aliulizwa alianzia wapi kupenda historia, akajibu, "Kasongo, uani kwa bibi yangu." Bibi yangu! Nilizima redio. Kisha nikaiwasha tena, nisikie kama atanitaja. Hakunitaja.

Siku hizi aibu ile imekufa. Wanangu wanajivunia yule mama wa Nyangwe mbele ya watu, na wanashangaa kwa nini sisi tulinyamaza. Juzi binti yangu alijifungua mtoto wa kike, akataka ampe jina la mama yake Bibi, jina la kweli, lile la kabla ya kutekwa. Katika kitabu halimo. Baba hayupo tena, wala Mama. Binti yangu akanitazama. "Mama, iko mutu moja tu."

Nikampigia. Serafina aliniita Zuhura kwa sauti ileile, akaniuliza afya ya kila mtu nyumbani, nami nikajibu nikizunguka mbuyu hadi nikakosa pa kuzunguka. Nikamuuliza: mama yake bibi yangu aliitwa nani?

Alilitaja. Nililirudia vibaya. Akalitaja tena, polepole, nami nikamfuata, mtoto amelala mapajani mwangu, mpaka likakaa sawa mdomoni.

"Ndiyo hivyo," akasema kwa furaha. "Hivyo hivyo Bibi alikuwa analisemaka. Unakumbuka?"

Nikamwambia ndiyo. Mimi sikuwahi kumsikia.