Alama ya Sikioni

Dalali wa ng'ombe wa Handeni akiingia kwenye intaneti kafe ya Korogwe huegemeza fimbo yake kwenye kompyuta, husogeza kiti kwa vidole vyenye harufu ya maziwa, kisha humwambia Yasinta, mwenye kafe, amsomee barua pepe. Kila juma ni ile ile, inayojiita ya benki: atume upesi namba yake ya siri, la sivyo akaunti itafungwa leo.

“Mzee, huyu ni tapeli. Anwani si ya benki, na benki haiulizi siri ya mtu.”

“Tumsalimie kwanza, binti yangu. Muulize, ng'ombe hawajambo?”

Tapeli hakuwahi kuitikia, na akiba ya mzee haikuguswa. Juma lililopita akaitikia: ng'ombe hawajambo, mvua imenyesha, lete namba. Uso wa dalali ukachanua. Yasinta akafunika kibodi kwa viganja.

“Huyu ana adabu, nitampa. Ila mnadani huuza mwenye kuijua mifugo yake. Muulize kwanza, ng'ombe wake wana alama gani sikioni?”

Leo mzee amerudi. Hakuna jibu kutoka kwa tapeli. Anaipapasa fimbo, kichwa kimeinama.

“Maskini,” anasema polepole. “Wameibwa wote.”