Sura Zilizogeuziwa Mbao

Upepo wa mtaa wetu wa Kadutu hausumbuki na mlango. Unapita kati ya mbao. Nyumba yetu ilijengwa kwa mbao za mikaratusi zilizopigiliwa zikiwa bado mbichi, na mbao mbichi ikikauka hujikunja na kuachana na jirani yake. Mchana, mtu akipita kwenye kijia cha nyuma, mimi niliye kitandani naona suruali yake ikikatika vipande vipande. Mwenye nyumba anasema hewa ni afya. Yeye analala Nguba, kwenye nyumba ya matofali.

Mvua zilipoanza, binti yangu akaanza kukohoa. Hakikuwa kikohozi cha kupita. Kila alipovuta pumzi, ngozi ilizama katikati ya mbavu, nami nilikuwa nahesabu mbavu za mtoto wangu bila kutaka. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimsikiliza mgongoni, akatoa dawa, kisha akaniuliza tunalala wapi. Nikamwambia.

"Maman, dawa itafanya kazi yake," akasema. "Lakini ile matundu, kama haufunge, utarudi hapa. Na siku ingine utarudi umechelewa."

Niliondoka na hasira. Nifunge na nini? Kwetu ukuta wa mbao unavalishwa karatasi: magazeti, katoni, mifuko ya sima, ile saruji ya kujengea, vyote vinabandikwa kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Lakini tangu vita iingie mjini na mabenki yafunge, hakuna anayejenga, na mfuko mtupu wa sima umekuwa kitu cha kugombania. Magazeti ndiyo hata usiulize.

Karatasi ilikuwamo nyumbani. Hapo ndipo palikuwa na shida. Ilikuwa nyingi, nzito, yenye kung'aa, na ilikuwa yangu.

Nilisoma kwa masista, mambo ya biashara na hesabu za ofisi, kwa sababu baba mdogo aliyenisomesha alisema kuchora ni kazi ya wavivu. Kwenye kapela ya shule kulikuwa na madirisha ya vioo vya rangi, yale yanayoitwa vitraux. Wakati wa sala ya asubuhi jua lilipita ndani ya kanzu ya mtakatifu mmoja na rangi nyekundu ikaanguka kwenye benchi la tatu. Wasichana tuligombania benchi lile. Ukinyoosha vidole pale, kucha zako zinakuwa nyekundu kama za wanawake wa mjini, na shuleni kupaka kucha kulikatazwa. Sista alituchapa kwa ajili ya rangi ambayo haikuwa kwenye kucha zetu. Ukitoa mkono, hakuna kitu. Ukirudisha, iko. Mimi sikuwahi kupata kitu kingine cha aina hiyo, kizuri kiasi kile na ambacho hakuna mtu angeweza kuninyang'anya.

Nilipata diploma. Kazi sikupata. Nikapata mume, halafu mimba, na wakati wa mimba ndipo nilipoanza na vitabu.

Chini ya soko la Kadutu kuna papa anayetandika vitabu vya okazioni, vilivyokwisha kutumika, juu ya shitingi ya plastiki. Vinatoka Ulaya ndani ya makatoni, vimechanganyika na viatu na masufuria. Watu wanataka vitabu vya shule, kamusi na vitabu vya sala. Vile vikubwa vya picha hakuna aliyevitaka. Papa alivitumia kama mawe: kimoja kila pembe ya shitingi, ili upepo usiipindue. Mimi nilikuwa nanunua mawe yake.

Siku ya kwanza nilimwuliza, "Papa, uko na kitabu ya vitraux?"

"Nitakutafutia, maman."

Niliporudi alikuwa anacheka kwa mbali. Akanitolea katalogi ya kampuni fulani ya madirisha ya aluminiamu. "Angalia! Vitre mupya kabisa. Hii inafungukaka ya upande, hii inafungukaka ya juu. Bwana yako anajenga wapi?"

Muuza viatu wa pembeni alicheka mpaka akashika magoti. Nilichukua ile katalogi, kwa sababu mzee wa watu alikuwa ameniwekea kwa moyo. Tangu siku hiyo nikawa Maman Vitre, mama wa vioo vya dirisha. "Maman Vitre, kuja uone, leo nimepata wazimu mupya!" Wazimu ndivyo alivyoviita vitabu vya michoro ya kisasa, na sitasema alikosea. Kulikuwa na mwanamke mwenye macho yote mawili upande mmoja wa pua. Kulikuwa na mtu mzima aliyepaka turubai zima bluu, bluu tu, akaweka sahihi, akaenda zake. Kulikuwa na mihuri ya maktaba za miji ambayo sitaifikia, na kurasa zilizokatwa kwa wembe na mtu aliyetaka picha kuliko mimi. Wengine kati ya wachoraji hao walinikasirisha. Lakini nilivifungua kila siku, nikiwa nimeketi kwenye kitanda na tumbo limenitangulia, na kwa muda ule sikuwa mke wa mtu, wala sikuwa na diploma isiyo na kazi.

Kisha nikakipata kile kikubwa, cha vitraux vya kweli. Kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia. Nilikibeba mgongoni kupanda hadi nyumbani kama mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa tumboni.

Ofisi aliyokuwa akiilinda mume wangu ilipofungwa, alikwenda Shabunda kutafuta dhahabu. Mara ya mwisho alipiga simu kutoka kilima wanakopanda kutafuta rezo ya simu. Sauti ilikuwa inakatika. Alisema atatuma mbao nzuri, tuzibe nyumba kabla ya mvua. Badala ya mbao akatuma mama yake.

Mama mkwe alitoka Luhwindja na mfuko wa unga wa muhogo kichwani. Mwanamke mfupi, mkavu, mikono kama mizizi. Hajui kusoma. Aliviangalia vitabu vyangu vilivyopangwa kwenye kona, akagusa mgongo wa kimoja kwa kidole cha mguu.

"Hii unakulaka?"

"Nasomaka, mama."

Nikakosea, nikamfungulia kile kikubwa. Nilikuwa nataka mtu mmoja ndani ya nyumba aone. Nikamweleza kwamba vile vioo havikupakwa rangi juu juu, ni rangi ndani kwa ndani, vimekatwa vipande vipande, na ile mistari myeusi katikati ni risasi, ndiyo inavishika visianguke.

Akarudisha mkono kama ameungua. "Risasi?"

"Si ile ya bunduki, mama. Ni ile chuma laini, ile…"

"Risasi ni risasi! Risasi inashika kitu? Miye naona inaachanishaka watu tu. Na unaiweka ku kichwa ya mutoto!" Akafanya ishara ya msalaba. "Toa ile kitu ndani ya nyumba."

Ningemwelezaje? Kwa Kifaransa ni maneno mawili. Kwa lugha yetu ni neno moja, na sisi hapa tumelijua upande mmoja tu. Sikukitoa. Nilikifunga ndani ya kitenge, nikakiweka chini ya godoro, na mtoto akalala juu yake. Mama mkwe alidhani nimekirudisha sokoni.

Siku moja nilishuka na beseni la sambaza, dagaa wa ziwa letu, kuuza. Niliporudi, kabla sijafika mlangoni nilisikia harufu ya uji wa muhogo. Nikaingia. Kulikuwa na joto. Kulikuwa na kimya pia: ule mluzi wa mbao, niliouzoea hata sikuusikia tena, haukuwepo. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati, mikono myeupe hadi viwiko. Na kuta tatu zilikuwa za kijivu, zimejaa maandishi. Maneno, maneno, maneno ya Kifaransa kutoka chini hadi kwenye bati, mengine kichwa chini.

"Mama. Vitabu vyangu viko wapi?"

"Si hii unaona? Yote iko. Sikutupa kitu. Hata maganda yake niliweka, utawasha nayo moto."

"Na picha?"

"Niliziangalisha ku mbao." Alisema kwa kujivuna, kama mtu aliyefikiria vizuri. "Ule mwanamuke wa macho ya upande moja, unataka mutoto aamuke amuone? Ashikwe na degedege? Niliacha maandiko inje. Maandiko haiogopeshaka mutu."

Kisha akanionyesha katalogi ya madirisha ya aluminiamu, safi, imewekwa juu ya sanduku. "Hii nilikuchungia. Hii ndio kitabu ya akili. Siku ingine mutajenga."

Sijui nilipiga kelele gani. Majirani walisikia, wakanieleza baadaye, sitayaandika hapa. Nilishika pembe ya ukurasa mmoja na kuuvuta. Uji ulikuwa bado mbichi. Ukurasa ukaja nusu, na nusu ya picha ikanigeukia mkononi, jicho moja lenye uji likinitazama. Kwenye tundu lile upepo ukaingia papo hapo, mwembamba, moja kwa moja hadi kitandani. Mtoto akakohoa.

Mama mkwe hakupandisha sauti. "Endelea," akasema. "Bandua yote. Miye nitashika mutoto, weye ushike vitabu."

Nilisimama na karatasi mkononi.

"Miye nilishazikaka watoto wawili kule," akasema, akichovya tena mkono kwenye sufuria. "Nyumba ilikuwa na matundu vile vile."

Akachukua ukurasa wangu uliochanika, akaupaka uji, akaurudisha mahali pake. Nilimchukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na sababu ni kwamba alisema kweli.

Ukabaki ukuta mmoja, ule wa upande wa bonde, ambao kitanda kimeuegemea. Karatasi za wazimu zilikuwa zimekwisha. Tukaichukua katalogi. Mama mkwe aliipasua kwa huzuni, mimi kwa furaha mbaya. Kufika jioni tulikuwa na ukuta mzima wa madirisha ya aluminiamu, ya kufungukia upande na ya kufungukia juu, na hakuna hata moja la kufunguka. Lakini katalogi ni karatasi nyepesi. Mvua iliyofuata ilikuja imelala, ikipiga upande ule ule, na madirisha yote yakalegea yakaanguka juu ya kitanda kama ugali wa maji.

Mtoto alikuwa anachemka. Dawa alikuwa anazitapika. Mbavu zikaanza tena kuzama. Nilikimbia huku na huku ndani ya chumba ambacho hakina mahali pa kukimbilia. Nilichomeka kitambaa, sketi yangu ya sare ya shule, mfuko wa plastiki, na upepo ukapata kwingine. Nilimtukana mume wangu kwa sauti. Nilimtukana mwenye nyumba. Nilipogeuka nikamwona mama mkwe amepanda kitandani, amemkumbatia mtoto kifuani, na mgongo wake ameubandika kwenye ukuta, palipokuwa na tundu kubwa. Blauzi yake ilikuwa imelowa yote. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, na hakusogea. Yeye alidhani karatasi zimekwisha.

Mimi ndiye niliyejua alikuwa amekalia nini.

Niliinua godoro upande wa miguu, nikavuta kitenge. Alipoona umbo lake akajua.

"Ni ile ya risasi?"

"Ndiyo. Ni ile."

Aliangalia kitabu, akaangalia mtoto. "Lete," akasema. "Weka sufuria ku moto."

Nilipika uji mimi mwenyewe. Nilipasua mimi mwenyewe, hilo sikumwachia. Na nilikataa kugeuza picha. Lakini kitabu kile kilikuwa na vioo pande zote mbili za kila karatasi, na mbao inakula upande mmoja. Kwa kila ukurasa ilibidi niamue, haraka, uji ukipoa: huyu malaika au yule samaki, hii bluu au ile kijani. Kile nilichokilaza kwenye mbao sitakiona tena. Mama mkwe alinipokea kila karatasi na kuilainisha kwa kiganja, polepole kuliko alivyolainisha zile zingine. Aliomba kimoja tu: shetani mmoja mwenye mkia, ageuzwe. Nikamgeuza.

Ukurasa mwekundu niliuweka chini kabisa, karibu na mkono wa mtoto. Nikaunyoosha mkono wake mdogo, nikausogeza pale. Kucha zake zilibaki kama zilivyokuwa. Ni karatasi. Halipiti jua ndani yake. Kwa nini nilidhani kitu kingine, sijui; nilikuwa nimechoka, na nililia hapo kwa hasira kama mtu aliyeibiwa.

Upepo haukuingia. Mtoto bado anakohoa, lakini mbavu zimeacha kuzama, na muuguzi aliposikiliza mgongo akatingisha kichwa tu kwamba ni sawa. Papa wa vitabu ameniita nikipita, "Maman Vitre, kuja uone!" Sijaenda. Sina mahali pa kuviweka ambapo havitakuwa ukuta.

Mume wangu hajapiga simu. Akirudi, kama atarudi, na kama atakuwa na mbao zake, nitamwonyesha pa kuzipigilia: nje, juu ya mbao za zamani. Ndani hapapigwi msumari. Mama yake naye ameshasema hivyo hivyo, na kwa neno hilo moja tunapatana.