Ndoo ya Pili ya Dawa

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyewapa watu wa mji wetu maji ya kunywa, na sitajifanya mnyenyekevu hapa. Mji wenyewe ni mdogo, kando ya barabara ya kutoka Arua kwenda Koboko, na mtambo wetu ni mdogo vilevile: pampu mtoni, matangi ya kutuliza tope kwa shabu, chujio la mchanga, tangi la maji safi, kisha tangi la mlimani linalogawa maji mjini. Anayeidharau kazi hiyo aje ashinde siku moja akichota lile tope, kisha tuongee.

Tulikuwa wawili kwa zamu, mimi na mwenzangu, Mkristo kutoka Manibe. Tulikuwa na desturi yetu ambayo hakuna mkubwa aliyetuandikia. Krismasi nilimshikia zamu yeye. Ramadhani, jua likikaribia kuzama, yeye alinishikia ili nikafuturu nyumbani, wala hakungoja kuombwa.

Jioni moja ya Ramadhani alizidisha wema. Kazi ya mwisho kabla ya kupandisha maji mlimani ni kutia klorini, ndoo moja iliyokorogwa vizuri, na aliyetia anasaini kitabu. Siku hiyo alitia yeye, ili nirudi nikute kazi nyepesi. Lakini zamu ilikuwa yangu, akaona vibaya kuandika jina lake mahali pa langu, asije mkubwa wetu akadhani nimetoroka kazi. Akaacha mstari wazi. Aliponiona getini alirukia baiskeli yake kuikimbia mvua, tukapungiana mikono tu. Nikaingia nimeshiba uji na tende, nikaona mstari mtupu, nikatia ndoo nyingine. Tena nikasaini kwa mwandiko mzuri kabisa.

Asubuhi mji mzima ulinuka kama sakafu ya hospitali. Mwenzangu alipofika nilimuuliza, akajibu, na sote wawili tukashika vichwa. Nilimfokea yeye kwanza, kisha nikajifokea mwenyewe, maana nilifungulia watu maji bila kupima. Kichupa cha kupimia, ambacho hutakiwa kuwa na rangi ya waridi hafifu, kilikuwa chekundu kama chai ya karkade. Tukafunga valvu kuu, tukamwaga tangi zima la mlimani, tukasafisha mabomba, tukaanza upya. Kufikia saa tisa mchana kichupa kilikuwa waridi hafifu. Nilipima mara tatu.

Lakini habari zilikwishafika kila jiko. Wanawake walijaa getini na jerikeni tupu, shangazi yangu mbele yao, safari yao ni kijitoni, kule ng'ombe wanakonywea. Mimi nimekulia maji ya kijito kile. Ndiyo yaliyomuua mdogo wangu, kwa kuhara siku tatu. Nilipoona zile jerikeni zinaelekea huko nikasimama mbele yao kuwazuia njia.

"Maji ya bomba iko na sumu," shangazi alisema. "Sisi nakwenda kijitoni."

"Shangazi, ile tumemwaga yote. Hii iko mupya, iko safi."

"Basi kunywa."

Alijua vizuri kwamba nimefunga, kama yeye. Mwenzangu akachukua kikombe, akakinga bomba la getini, akakipeleka mdomoni. Shangazi akamshika mkono.

"Hapana wewe. Mutu wa saini iko huyu. Yeye kunywa."

Hasira zilinipanda, na aibu pia, kwa sababu alikuwa na haki. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba nilitia dawa bila kupima na kosa hilo ni langu.

"Nyinyi ngoja magharibi," nikawaambia. "Mimi nafungua saumu na hii maji, hapa, mbele yenu. Kama mimi hapana kunywa, nyinyi kwenda kijitoni."

Walinung'unika, wakaketi kivulini mwa ukuta. Mwenzangu alimwaga kile kikombe bila kuonja. Alifanya kazi juani mpaka midomo ikamkauka, na nilipomwambia asijitese alisema hata yeye alitia ndoo.

Adhana iliposikika nilikinga kikombe, nikasema bismillahi, nikakimaliza. Nikakinga cha pili, nikakimaliza nacho. Shangazi alinikazia macho kama anayengoja nianguke. Kisha alininyang'anya kikombe, akakijaza mwenyewe, akampa mwenzangu.

"Wewe pia nafunga leo," alimwambia. "Kunywa, mwanangu."

Mwenzangu alikunywa chote. Shangazi akainama, akaweka jerikeni yake chini ya bomba, na foleni ikajipanga nyuma yake mpaka barabarani. Jioni ile hakuna mtoto wa mji wetu aliyenyweshwa maji ya kijito, nami nililia kwa fahari mbele ya watu wote, bila haya.