Injini Inatakiwa Baridi

Mara mbili mfululizo shemeji alikuja kumrekebishia valvu za injini ya gari, na mara mbili aliondoka bila kulegeza hata nati moja. Mama Gia, mshona mapazia anayeshindana Jumapili kwenye mbio za magari za kujifurahisha, alikuwa amechoka mpaka basi. Valvu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Hilo hata yeye alilijua. Lakini shemeji, pamoja na ufundi wake wote, hawezi kuona gari asiliwashe.

"Ngoja kwanza nisikie linavyolia," husema. Injini ikishachemka, anakunywa chai, anapiga soga, anatazama saa. "Hii sasa mpaka ipoe, shemeji. Tuonane wiki ijayo."

Angekuwa fundi wa barabarani angemtolea uvivu. Huyu ni ndugu wa mume, kwa hiyo alimeza hasira zake na chai.

Safari hii alijihami. Asubuhi aliuchimbia ufunguo ndani ya kopo la vifungo, akaenda kununua uzi, roho kwatu. Aliporudi alimkuta shemeji amesimama kando ya gari, anaulizia ufunguo.

"Umepotea," akamjibu kwa macho makavu.

Shemeji akaguna, akafungua boneti, akashika injini, akaurudisha mkono upesi kama aliyeumwa na nyuki.

Mumewe akatokea mlangoni na kopo la vifungo mkononi, uso umejaa tabasamu.

"Mke wangu, ufunguo ulidondokea humu, nimeukuta nikitafuta kifungo cha shati. Injini nimeshawapashia moto, msipoteze muda."