Injini Iliyopozwa kwa Upepo

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Maskati, katika karakana ya gari za mbio za Kijerumani, Mhandisi Mkuu, Mjerumani mrefu mwenye sauti ya chini, aliniambia nifungue boneti ya gari. Nilikuwa nimetoka kutengeneza malori Rusayl, nikijiona fundi kwelikweli. Nikafungua. Ndani mlikuwa na tairi la akiba na nafasi ya kuwekea mkoba. Injini haimo!

"Iko nyuma," alisema. "Na rejeta usiitafute. Haina maji hata tone."

Nilipigwa na butwaa. Katika joto hili letu, gari ya mbio ipozwe kwa hewa tupu? Akanionesha silinda sita zilizolala ubavu, tatu huku na tatu kule, na feni kubwa ya kuzipulizia. Akanieleza kwamba gari ya kwanza ya kampuni yao iliundwa baada ya vita kuu ya pili, milimani huko Ulaya, katika jengo lililokuwa la kupasulia mbao. Kutoka kwenye vumbi la mbao mpaka kuwashinda wakubwa wa dunia mashindanoni! Nilirudi nyumbani nikasimulia mpaka mama akaniambia ninyamaze nile.

Miaka ikapita. Kiwandani Ujerumani wakaamua injini mpya zipozwe kwa maji, maana nguvu zilizidi na hewa haikutosha tena. Mhandisi Mkuu alitutangazia habari hiyo amevua kofia, kama anayetoa habari ya msiba. Aliporejea kwao akaja Meneja wa Karakana, Muomani mwenzangu, mtu wa haraka, asiyetaka kuona gari za zamani.

Ndipo Bi Zuwena, mjane wa Al Amerat, ng'ambo ya mlima, alipotuletea gari ya marehemu mumewe juu ya lori. Ilikuwa ya zile za upepo. Kasha la injini, yaani gamba lake lenyewe, lilikuwa limepasuka.

"Mama, hii imekwisha," Meneja alimwambia. "Tukutilie injini mpya?"

"Sitaki, mwanangu. Marehemu akishuka mlimani nilikuwa nnaisikia gari kabla sijamuona yeye. Nnataka sauti ile ile. Mkishindwa nirejesheeni, ikae."

Meneja akanigeukia. "Haya, fundi, waulize kiwandani. Wakikataa, basi tena."

Niliuliza bila matumaini. Kumbe wenzetu hawatupi kalibu, yale maumbo ya kumiminia chuma kilichoyeyushwa! Wakasubu kasha jipya kwa umbo la lile la zamani, kwa ajili ya gari ambayo wao wenyewe waliacha kuiunda siku nyingi. Lilipofika nililipapasa kwa mikono miwili, na machozi yalinilengalenga, sioni haya kusema.

Sasa nimestaafu. Gari zao mpya nyingine ni za umeme, hupita kimya usijue, na hizo nazo nazistaajabia. Lakini kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuipeleka gari ile, injini ikinguruma tena, Al Amerat.

Bi Zuwena nilimkuta keshatoka nje. Alizunguka nyuma, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini.

"Usiizime," aliniambia.

Akafungua mlango wa abiria, akakaa, akakusanya buibui lake lisibanwe na mlango.

"Haya, twende."

Nikamuuliza tunakwenda wapi. Alikuwa amefumba macho, anaisikiliza injini. Nikatia gia, nikaelekea mlimani.