Kabati la Mama Kadi

Miaka thelathini Mama Kadi alipanga kadi za wagonjwa hospitalini kwa ukoo, kisha jina, kisha mwaka wa kuzaliwa. Akaja mtaalamu wa kompyuta, kifua mbele, digrii ukutani, akahamishia kumbukumbu zote kwenye kanzidata ya mashine, akaijengea fahirisi, yaani mpangilio wa kutafutia majina, inayoanza na mwaka wa kuzaliwa.

"Asiyetaja mwaka," Mama Kadi alimwonya, "mashine itampekulia watu wote, mmoja mmoja."

"Mama, haya si mambo ya makabati."

Juzi mtaalamu huyo alikuja mbio kwenye dirisha la kadi, bibi yake mzaa mama mahututi, akataja ukoo na jina.

"Kazaliwa mwaka gani?" Mama Kadi aliuliza.

Hakujua. Mashine ikaanza kupekua.

Mama Kadi akasonya, akafungua kabati, akamtupia kadi kabla mashine haijafika nusu.

"Chukua, mtaalamu. Kabati langu halina digrii."