Kijani cha Jaffna

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Markham, kando ya Toronto, nimechelewa dakika kumi, theluji imeingia viatuni. Mhariri Mkuu wa Ramani alinipokea kwa Kiswahili: "Karibu, dada. Na Dodoma mlikuwa mnachelewa hivi?" Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mtu wa tai na utani mkavu. Nyumbani nilikuwa nimechora ramani miaka sita, lakini hapa nilipewa miezi mitatu ya majaribio. Nikishindwa, narudi kiwandani kufungasha biskuti.

Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa Sri Lanka, katika atlasi ya shule. Unaanza na kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa kutoka usawa wa bahari. Kisha unapaka rangi baina ya mistari: kijani kwa nchi ya chini, njano kwa vilima, kahawia kwa milima. Milima ya kisiwa kile imekusanyika katikati, upande wa kusini. Imezungukwa na tambarare, ambayo ni pana zaidi kaskazini na huishia kwenye rasi ya Jaffna.

Maelezo ya chini ya ramani niliyaandika mwenyewe: kaskazini, tambarare ya kijani yenye mvua nyingi, katikati, milima mikavu. Nilikuwa nimezikodolea macho rangi zangu wiki mbili, hata nikaziamini.

Nakala ya majaribio ilipotoka, Rajan, fundi wa mtambo wa kuchapa, aliniita. Alikuwa mtu wa Jaffna.

"Dada, nani katupa mvua yote hii? Mama yangu bado anateka maji kisimani!" Akacheka. "Kwetu ni mawe ya chokaa na miti ya mivumo, mto hatuna. Na hapo milimani ulipopakausha ndipo chai inapolowa."

Nilijiona mjinga. Kusi, upepo ule ule wa pwani yetu, ikivuka ikweta hupinda, ikafika kisiwani kutoka kusini magharibi na kumwaga mvua kwenye miteremko ya milima. Ng'ambo ya pili hufika mikono mitupu. Watu wa tambarare ya kaskazini hungoja mvua za kaskazi, na tangu kale walijenga mabwawa makubwa ya kuzihifadhi. Usambara yetu nayo ni kahawia kwenye ramani. Nani aliwahi kuiona kavu?

Sahihi ya Mhariri Mkuu ilikuwa tayari juu ya nakala, na mtambo ungewashwa jioni ile. Ningenyamaza, pengine nisingegunduliwa hadi miezi yangu mitatu ipite. Nikapanda ngazi hadi ofisini kwake.

"Uliandika haya ukiwa macho?" aliuliza.

"Nilisoma rangi, bwana. Nchi sikuisoma."

Akavua miwani. "Na mimi nikatia sahihi." Akanirudishia nakala. "Rangi hatugusi. Kijani ni mwinuko, atlasi nzima iko hivyo. Tafuta njia nyingine. Una mpaka saa kumi."

Niliandika maelezo upya, kisha kwenye pembe ya bahari nikachora kiramani cha mvua. Rajan alisimama begani pangu na chakula chake cha mchana.

"Mabwawa usiyasahau."

"Nayaona. Ondoa mchuzi wako baharini!"

Saa kumi Mhariri Mkuu alikitazama kiramani kwa muda mrefu. "Kila nchi ya tropiki humu ipate kimoja. Utachora wewe."

"Na majaribio yangu, bwana?"

"Kwani nchi zote hizo utazimaliza kwa miezi mitatu?"

Baadaye nilihamishiwa sehemu ya mito, kisha kompyuta zikaja na kalamu zetu zikaingia kabatini. Nilistaafu nikiwa Mkaguzi wa Mwisho. Vijana niliowafundisha niliwaambia: kabla ya kuchapa, mtafute aliyekunywa maji ya huko. Toronto hakosekani, pengine mmepanda naye basi asubuhi.

Majuzi, katika maktaba ya mtaa wa Regent Park, niliikuta atlasi ile imelegea uti. Nikafungua Sri Lanka. Ramani kubwa ilikuwa bado inang'aa. Kiramani cha pembeni kilikuwa kimechakaa kwa vidole, na pale Jaffna karatasi ilikuwa imefifia hadi karibu kuwa nyeupe.